Mdomo wa Daktari

Jina lake hasa ni Mamotena, lakini katika vijiji vyote vinavyotegemea zahanati ya Ha Ramohapi, huku juu milimani Lesotho, ukimtaja kwa jina hilo watu watakuuliza Mamotena yupi. Sema Mdomo wa Daktari, na mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuonyesha nyumba yake kwa kidevu: ile ya mawe, nyuma ya mahali wagonjwa wanapofunga farasi wao. Kwa Kisotho wanamwita Molomo, neno ambalo Mswahili halimpi shida. Jina hilo alilipata kwa heshima, akalivaa kwa fahari miaka kumi na miwili, na sasa analibeba kwa sababu hakuna wa kumpokea.

Ukalimani hakusomea popote. Aliajiriwa kupiga deki. Mumewe alishuka kwenda migodini Welkom, ng'ambo ya mpaka, mwaka ambao binti yao Motena alikuwa anaota meno, akaandika barua mbili, kisha akapata mke mwingine huko huko na wino ukamwishia. Mamotena hakulia muda mrefu. Alimwacha mtoto kwa mama yake, akaenda Bloemfontein kufanya kazi za ndani kwa Wazungu miaka sita, akarudi na mablanketi mawili, maumivu ya magoti na Kiingereza cha jikoni, kile cha kufokewa, ambacho, tusidanganyane, kina maneno mengi kuliko cha shuleni. Zahanati ilikuwa inatafuta mtu wa usafi. Akapewa ndoo na tambara.

Madaktari wetu huku ni wa kuja. Wasotho wenyewe wakishasoma udaktari wanashuka mjini au wanavuka mpaka, na siwalaumu, maana baridi ya Julai huku juu si ya mtu mwenye mahali pengine pa kwenda. Aliyekuwepo wakati huo, na yupo mpaka leo, ni Daktari Kalonji, Mkongo wa Kasai, mrefu, mpole, mwenye Kiingereza kilichochanganyika na Kifaransa, na Kisotho cha salamu tu. Akishakujulia hali, kimekwisha. Nesi Limpho ndiye aliyekuwa anamtafsiria, lakini nesi Limpho ndiye pia aliyekuwa anazalisha, anachanja na kufunga vidonda, kwa hiyo tafsiri zake zilikuwa za mkato: huyu kichwa, huyu tumbo, huyu mgongo.

Mgongo ndio uliomtoa Mamotena kwenye ndoo. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa kondoo, mtu wa makamo, aliyekuja mara nne ndani ya miezi miwili akilalamikia mgongo. Mara zote akapewa dawa ya maumivu, mara zote akatoka na sura ile ile aliyoingia nayo. Siku ya nne Mamotena alikuwa anapiga deki pembeni ya chumba, na yule bwana alipotoka hakuweza kuvumilia tena.

"Daktari," akasema bila kuinua macho sakafuni, "yule hana mgongo."

"Ana nini?"

"Ana mke mpya."

Daktari Kalonji akacheka mpaka akavua miwani. Mfugaji aliitwa kabla hajapanda farasi wake, mlango ukafungwa, na mazungumzo yakaanza upya, Mamotena akiwa amewapa kisogo, anatafsiri huku anafuta kioo cha dirisha ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi. Yule bwana alitoka ametulia, kama mtu aliyetua mzigo. Jumatatu iliyofuata kikawekwa kiti cha tatu katika chumba cha daktari, katikati, na Mamotena akakikalia.

Na alikuwa hodari, msinielewe vibaya. Bibi harusi akiletwa na mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayejibu kila swali hadi la lini ameona siku zake, Mamotena alimtoa yule mama kwa adabu zote, aende kwa nesi akapimwe presha, na hapo ndipo bibi harusi alipopata sauti. Mwanamke aliyekuja kuomba vitamini, akaulizia vitamini huku macho yakiwa kwenye dirisha la dawa za wenye virusi, huyo hakutaka vitamini. Alitaka kujua kama mumewe ameonekana pale. Aliambiwa kwa upole kwamba vitamini zipo, na kipimo nacho kipo kwa anayekitaka. Wazee walidai sindano. Daktari Kalonji alikuwa mchoyo wa sindano, akisema hazina kazi, na wazee wakaondoka wananung'unika kwamba wametembea kutwa nzima kuja kutazamwa kama mbuzi mnadani.

Hilo nalo Mamotena alilitatua. Alimweleza daktari kwamba hawa hawataki sindano, wanataka kuguswa. Mtu hawezi kuteremka mlima, avuke mto, akae foleni, halafu arudi kwake aseme daktari hakunigusa. Chukua ule mpira wako wa kusikilizia, akamwambia, umwekee kila mtu kifuani, hata aliyekuja na jino. Daktari akafanya hivyo. Akija mtu wa kifua kweli aliweka masikio yote mawili na kufumba macho. Akija wa jino aliweka sikio moja, kwa kumridhisha, huku mkono mwingine unaandika. Watu wakafurahi. Sifa zikavuka mito, hata wa bonde la pili wakawa wanakuja Ha Ramohapi na kuiacha zahanati yao.

"Wagonjwa hawasemi wanachokitaka," Mamotena alimwambia nesi Limpho siku moja kwenye chai. "Wanakuja kuona kama utakijua mwenyewe."

Basi akawa anajua. Foleni ikawa watu sitini, sabini kwa siku, na yeye akawa anajua kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti. Mtu anafungua kinywa, Mdomo ameshamalizia sentensi yake, tena kwa maneno mazuri kuliko ya mwenyewe. Daktari alimsifu. Nesi alimsifu. Hata wagonjwa walimsifu, maana nani asiyependa kujuliwa? Kichwa kikamvimba kidogo kidogo, kwa namna ambayo mwenyewe hakuiona.

Makhauhelo alikuja mwezi wa Agosti, siku ya upepo wa vumbi, wakati foleni imefika hadi kwenye farasi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mke wa Mzee Thaabe wa ng'ambo ya mto, na alitembea saa tatu kufika. Blanketi lake lilikuwa na kitambaa cheusi cha matanga kimebanwa kwa pini begani. Kila mtu alijua cha nani. Mwanawe, Khauhelo, alikuwa amefukiwa chini ya ardhi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu uliokwisha kufungwa, ule wa vijana wanaoingia kwa kujiiba, na maiti yake ilichukua wiki tano kurudi nyumbani. Mamotena mwenyewe alikuwepo mazishini, alikula nyama ya matanga kwa mikono yake. Na yule mama, kama ilivyo desturi huku, alikuwa anaitwa kwa jina la mwanawe. Kila aliyemwita alimkumbusha.

Alikaa, akaweka kijitabu chake cha matibabu mezani, akakiweka sawa na ukingo wa meza, akavuta pumzi kama mwanafunzi anayetaka kusoma mbele ya darasa.

"Moyo wangu unauma, mwanangu," akasema. "Unauma sana. Tena ukianza..."

"Najua, mama," Mamotena akamkata kauli, akamshika mkono. "Najua. Mimi nilikuwepo siku ile."

Sasa, hapa lazima nikwambie kitu kimoja, vinginevyo utamwona Makhauhelo mjinga, na hakuwa mjinga. Kwa Kisotho, kama kwa Kiswahili, moyo unaouma kwa kawaida ni wa majonzi. Na mtu wa huku akishapewa pole, anaipokea. Anainamisha kichwa, ananyamaza, anaacha pole ikae. Huwezi kumsukuma pembeni mtu anayekuliwaza uendelee na habari nyingine. Ni kama kumwambia hujali aliyekufa. Makhauhelo aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, kwa sababu majonzi nayo alikuwa nayo. Mamotena aliendelea kumshika mkono, ule wa kushoto, akamgeukia daktari.

Amefiwa na mwanawe, akamwambia. Halali usiku.

Habari ya kutolala Makhauhelo hakuitaja. Mamotena aliiongeza mwenyewe, kwa sababu wafiwa hawalali, na hilo analijua kila mtu. Daktari Kalonji alimtazama yule mama kwa huruma, akainuka, akamwekea mpira kifuani, sikio moja, huku mkono wa pili unaandika kwenye kijitabu. Akampa vidonge vya usingizi vya wiki mbili. Makhauhelo alishukuru kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni aligeuka, kinywa kikiwa wazi kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Mamotena alimwona. Akamwita anayefuata.

Siku ya nane Makhauhelo alidondoka akikanda unga, uso ukaingia kwenye beseni, na walipomgeuza alikuwa amekwisha. Habari zilipofika zahanati Mamotena alilia, akasema huzuni imemuua, na wote wakaitikia kwamba ndiyo, huzuni imemuua. Hakwenda kumzika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jioni alikula ugali wake na mboga, akalala, na alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtesa kuliko mengine mengi.

Mzee Thaabe alikuja wiki ya tatu baada ya mazishi. Alifunga farasi, akachukua nafasi yake kwenye foleni kama mgonjwa, akakaa tangu asubuhi hadi karibu saa sita na kijitabu cha marehemu mkewe mkononi. Watu walimwambia apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika aliingia, akavua kofia yake ya majani, na kabla ya lolote akaweka mfuko wa kitambaa kwenye mapaja ya Mamotena. Ulikuwa umejaa matunda, mapichi makavu. Akaeleza kwamba marehemu aliyakata na kuyaanika kwa mikono yake Februari, na siku aliyorudi kutoka zahanati alisema, yale ya kwenye mfuko mdogo msiyale, ni ya yule mama wa kwa daktari aliyenishika mkono.

Mamotena aliukumbatia ule mfuko.

"Sikuja kwa ugomvi," akasema Mzee Thaabe. "Nimekuja na swali moja tu. Mke wangu aliwaambia habari za mkono?"

"Mkono gani, mzee?"

Akamweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Maumivu yalianza zamani, kabla Khauhelo hajafa, tangu msimu wa kupanda mahindi. Akipandisha maji kutoka kisimani yanamshika kifuani, katikati, kama mtu anamkalia, yanateremka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho, yanapanda mpaka kwenye taya. Akikaa kitako yanaondoka. Alikuwa anaona haya kwenda kwa daktari, hajui kujieleza mbele ya watu waliosoma, kwa hiyo siku ya kuamkia safari walifanya mazoezi. Yeye Thaabe alikaa kwenye kigoda na kofia kichwani akajifanya daktari. Mkewe akasimama mbele yake akasema. Mara ya kwanza alicheka akaharibu. Mara ya tatu alisema yote sawasawa.

"Nilimwambia, ukianza na moyo usiishie moyoni. Teremka nao mpaka kwenye kidole. Akaniambia sawa. Aliporudi nikamuuliza, umewaambia yote? Akasema nimewaambia. Nikamuuliza, na mkono je? Akasema, wanajua. Yule mama aliniambia anajua."

Mamotena aliuachia ule mfuko mapajani.

Mzee akaendelea. Ndugu yake alikuwa na gari la kubeba sufu linalokwenda mjini Ijumaa ile, kwenye hospitali kubwa, na alisema kuna nafasi ya mgonjwa. Yeye Thaabe akalikataa, kwa nini asumbue watu na wataalamu wameshajua? Sasa mkewe amekufa, na dada zake yeye Thaabe wamekaa nyumbani kwake wanasema maneno. Wanasema Makhauhelo alinyamaza makusudi. Kwamba hakumwambia daktari kitu, alitaka kumfuata mwanawe, akamdanganya mume ili asipelekwe mjini.

"Nimeishi naye miaka thelathini na minne," akasema. "Nataka kujua kama mwisho wake alinidanganya. Basi. Muulize daktari, yeye ndiye aliyesikia."

Daktari Kalonji alikuwa anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. Akauliza mzee anasema nini.

Hebu fikiria mahali alipokuwa amekaa Mamotena. Kushoto mtu asiyejua Kiingereza, kulia mtu asiyejua Kisotho, na yeye katikati, na katika chumba kizima hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kusema lolote. Na alisema. Alimwambia daktari kwamba mzee ameleta mapichi, anashukuru kwa jinsi mkewe alivyohudumiwa.

Daktari akatabasamu kwa huzuni, akanyoosha mkono juu ya meza, akampa mzee pole kwa Kisotho chake kilichovunjika. Mzee Thaabe akapokea mkono, akainamisha kichwa, akaiacha pole ikae. Kisha akamgeukia Mamotena, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayesubiri kuhesabiwa watu wake baada ya ajali.

"Amesemaje kuhusu mkono?"

Mamotena amewahi kumsimulia nesi Limpho kwamba hapo alikuwa na jibu tayari ulimini, zuri, la huruma, kama yale yote aliyokuwa akiwapa watu miaka kumi na miwili. Angesema: daktari anasema mama alieleza yote, ila ugonjwa ulikuwa umeshamzidi. Mzee angerudi kwake na amani, dada zake wangefunga midomo, mapichi yangelika. Nani angeumia? Lakini anasema alipotaka kulitoa alimwona Makhauhelo amesimama mbele ya kigoda, anarudia mara ya tatu.

Akamgeukia daktari akatafsiri upya. Safari hii neno kwa neno: kisima, kifua, mkono, kidole cha mwisho, taya, kigoda na kofia, gari la sufu, dada zake mzee. Daktari Kalonji aliacha kutabasamu Mamotena alipofika kwenye kidole. Akachukua kijitabu, akafungua ukurasa, akasoma mwandiko wake mwenyewe: amefiwa, halali. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama yule mama alisema habari za mkono.

"Alianza," Mamotena akajibu. "Nilimkata."

"Na kutolala?"

"Hakusema. Nilisema mimi."

Daktari aliutazama ule mpira shingoni mwake, akauvua, akauweka mezani. Alianza kusema mwambie mzee kwamba, halafu akasita, akaanza tena, mwambie pengine hata tungejua. Alikuwa mtu mkweli, akaiacha sentensi hapo.

Mamotena akamgeukia mzee bila kutumwa na mtu.

"Mzee, hakukudanganya. Alipoingia alisema moyo unauma, akataka kuendelea. Mimi ndiye niliyemwambia najua. Nilidhani analilia Khauhelo. Sikumwachia amalize, na daktari sikumwambia lolote la mkono, kwa sababu mimi mwenyewe sikulisikia."

"Wewe ulimwambia unajua."

"Mimi."

"Na hukuwa unajua."

"Sikuwa najua."

Mzee Thaabe aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama anayepanga vitu kwenye rafu. "Kwa hiyo hakunidanganya," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha, na hicho ndicho Mamotena hakuweza kukistahimili. Alitamani atukanwe. Mzee akavaa kofia, akainuka, akaangalia mapaja ya Mamotena, akanyoosha mkono akauchukua mfuko wake wa mapichi, si kwa hasira, akaenda nao. Kupitia dirishani walimwona anaufunga kwenye tandiko, anahangaika na fundo kwa muda mrefu.

Mamotena hakufukuzwa kazi. Angefukuzwa awekwe nani? Daktari Kalonji alimwambia jambo moja tu, kwamba tangu leo aseme wanachosema watu, mpaka mwisho wao, na asiongeze. Akatii. Tangu siku hiyo Mamotena hamkati mtu. Anasubiri mtu anyamaze, kisha anauliza kama kuna kingine, kisha anasubiri tena, anauliza tena. Foleni haiishi hadi jua linazama, na wengine wanarudishwa bila kuonwa. Mtu akisema moyo unauma anaambiwa aonyeshe kwa kidole. Kuna mama aliyezika watoto wawili ndani ya mwezi mmoja, akaja akasema moyo unauma, akaulizwa unauma wapi, mkono je, taya je. Yule mama alimtazama kama aliyetemewa mate, akaondoka na kijitabu chake. Watu wanasema Mdomo umekuwa wa mbao. Wanasema zamani alikuwa na utu, sijui nini kimempata, labda uzee. Mkono wa mgonjwa hajaushika tena.

Mwaka uliofuata, theluji ya kwanza ilipoanguka, Mzee Thaabe alirudi. Amekonda, blanketi limemzidi. Alikaa foleni, akaingia, akaweka mezani kijitabu kipya chenye jina lake. Mamotena alimwamkia kwa heshima, hakuthubutu kumwangalia usoni, akamuuliza kinachomsumbua.

"Moyo unauma," akasema mzee.

Aonyeshe wapi. Hakuonyesha. Unateremka mkononi? Hapana. Kwenye taya? Hapana. Akipanda mlima? Hapana. Kuna kingine? Mzee akatikisa kichwa. Daktari Kalonji akainuka, akaweka mpira kifuani, masikio yote mawili, akafumba macho, akasikiliza mbele na nyuma kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akasema ni moyo mzima, wenye nguvu kama wa kijana.

"Daktari anasema huna ugonjwa wa moyo, mzee."

"Najua."

Lakini hakuinuka. Nje mtu alikohoa kuwakumbusha kwamba kuna foleni. Mamotena akakaa na kijitabu mkononi, na mwishowe akauliza swali ambalo katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumuuliza mgonjwa yeyote, kwa kuwa siku zote alikuwa na jibu lake.

"Basi unataka nini, mzee?"

"Nataka uniambie tena," akasema. "Siku ile ulinieleza haraka haraka. Niambie tangu alipoingia mpaka alipotoka. Hakuna mwingine aliyemwona akisema."

Mamotena akamwambia. Jinsi alivyokiweka kijitabu sawa na ukingo wa meza. Jinsi alivyovuta pumzi. Mzee alitabasamu hapo, akasema ndivyo alivyokuwa anafanya mbele ya kigoda. Akamwambia maneno yalivyokuwa, na pale alipoyakata, na machozi, na vidonge alivyovipokea kwa mikono miwili. Kisha simulizi ikafika mlangoni, akaishia hapo. Hicho hakuwa amemwambia mtu yeyote, si daktari wala nesi.

"Halafu akatoka," mzee akamsaidia.

"Halafu akageuka."

"Aligeuka?"

"Mlangoni. Kinywa kilikuwa wazi. Alikuwa anataka kusema."

Mzee Thaabe aliinama mbele, mikono yote miwili juu ya meza. "Na wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwita anayefuata."

Daktari Kalonji akauliza mzee anasema nini, na Mamotena akamgeukia, akamtafsiria yote, mpaka mwisho, bila kuongeza kitu.